Maneno Makubwa na Benchi la Lulindi

Katika orodha ya msamiati ambayo mwanafunzi wa utabibu huibeba mfukoni, mna neno la Kiingereza «discharge». Sekondari alilipata likiwa na maana moja, kuachilia. Chuoni hulikuta katika karatasi ya mgonjwa aliyeruhusiwa kurudi nyumbani, na kurasa mbili mbele akalikuta tena likitaja usaha utokao sikioni au majimaji yasiyo ya kawaida ukeni. Hulikariri, akafaulu mtihani. Siku atakapoketi mbele ya mama aliyetembea tangu alfajiri akipita mashamba ya mikorosho, neno hilo halitamfaa peke yake, kwa kuwa mama huyo hataleta neno. Ataleta aibu, na kauli ya kuzungukazunguka, mpaka awe na hakika kwamba anayemsikiliza ameelewa.

Lulindi, baina ya Masasi na Newala, ina historia inayofaa kukumbukwa katika jambo hili. Askofu Edward Steere, aliyewaongoza watumwa walioachwa huru hadi Masasi mwaka 1876, alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu cha kufundishia Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Mwenzake, Chauncy Maples, alikusanya maneno ya Kimakua, yakachapishwa mwaka 1879. Na mwaka 1935 alifika Lulindi daktari Mwingereza, Leader Stirling, aliyekuja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania mwaka 1975. Wageni hao walikuja na shabaha zao, na si zote zinazostahili sifa. Lakini safari yao ya maneno ilianzia kwa mwenyeji: walilisikia neno kwanza kinywani mwa mtu, ndipo wakalitafutia maana katika lugha yao.

Kijana wa leo aliyezaliwa hapo hapo huenda safari hiyo kinyumenyume. Nyumbani husikia Kimakonde, Kiyao au Kimakua. Shule ya msingi ya serikali humfundisha kwa Kiswahili. Anapoingia kidato cha kwanza, ini, figo na wengu hugeuka kuwa maneno ya Kiingereza kwa siku moja, na chuoni huja mengine marefu zaidi. Mwisho wa masomo anarudi kwa shangazi zake mwenyewe akiwa na elimu ambayo hana lugha ya kuwapa.

Wako wanaosema dawa ya tatizo hili ni kukiacha Kiingereza. Hiyo ni haraka isiyo na baraka. Maelezo ndani ya maboksi ya dawa, barua ya rufaa inayomfuata mgonjwa hadi Ndanda au Muhimbili, na sehemu kubwa ya vitabu vya tiba duniani, vyote vinahitaji msomaji wa Kiingereza kizito, tena asiyebahatisha. Kosa liko katika namna ya kujifunza: orodha ndefu, neno kushoto, tafsiri ya neno moja kulia, kukariri usiku, kusahau baada ya mtihani.

Msamiati wa tiba haukubuniwa neno kwa neno. Umejengwa kwa mizizi michache ya Kigiriki na Kilatini, na mzawa wa Kiswahili ameshazoea ujenzi wa aina hiyo. Hakuna anayemfundisha uhusiano wa tiba, tabibu, utabibu na matibabu. Chukua viambishi viwili vinavyowasumbua wanafunzi wengi, «hypo» na «hyper». Kwa masikio ya Mswahili cha kwanza husikika «haipo», na kwa bahati njema ndiyo maana yake kwa karibu: kitu kimepungua, hakitoshi. Cha pili ni kinyume chake. Mzee yeyote kijijini anaijua tofauti hiyo bila Kigiriki, kwani husema ana presha ya kupanda au presha ya kushuka. Mwalimu anayeanzia kwenye kauli ya mzee amepanda neno ardhini. Na jambo lenyewe si mchezo: mgonjwa wa kisukari aliyeishiwa sukari mwilini huokolewa kwa kupewa sukari, na akichomwa insulini kwa kudhaniwa kuwa imezidi, anaweza kufa.

Ugumu mkubwa zaidi, hata hivyo, hutoka upande wa Kiswahili. Neno «sugu» hutumika kwa ugonjwa uliodumu muda mrefu, na pia kwa vimelea visivyosikia dawa. Mtu mwenye kikohozi cha muda mrefu akiambiwa kikohozi chake ni sugu, huenda akaondoka akiamini ana kifua kikuu kisichotibika. «Chanya» nayo, kwa asiyeizoea, yasikika kama habari njema; ni afadhali kumwambia mtu kwamba virusi vimeonekana katika damu yake. Kisha kuna degedege. Mwanafunzi anayajua majina ya Kiingereza ya malaria iliyopanda kichwani, lakini familia nyingi za pwani zimeitenga degedege na malaria kwa miaka mingi na kuipeleka kwa mganga. Asiyeyaunganisha maneno hayo mawili atamhubiria mama habari za chandarua, na mama ataitikia kwa adabu, akijua moyoni kwamba maradhi ya mwanawe ni mengine.

Wala istilahi iliyosanifiwa haimalizi kazi. Mwaka 2021 serikali ilitumia jina UVIKO-19, jina lililoundwa vizuri, na watu wengi wakaendelea kusema korona. Tabibu hana budi kuyajua yote mawili, na kuchagua lile ambalo mgonjwa analo tayari.

Vyuo vinaweza kuanza na mtihani, kwa sababu mwanafunzi husoma kile kinachotahiniwa. Mtahini ampe neno la Kiingereza, asimuulize tafsiri. Amuagize alieleze kwa Kiswahili kwa mtu aliyeishia darasa la saba, kisha mtu huyo aeleze alichokisikia. Kwa kila mwanafunzi itachukua dakika tano. Watakaolalamika kwamba muda hautoshi wakumbuke ni saa ngapi zimetumika kukariri tahajia.

Kwa mgonjwa asiyejua hata Kiswahili, na katika nyanda za Wamakonde bado wapo, hasa vikongwe, mfasiri huwa mjukuu aliyemsindikiza au mfagizi aliyeitwa kutoka uani. Neno la chuoni litapita vinywa viwili kabla halijafika. Mfagizi huyo hajawahi kufunzwa kazi hiyo, wala haimo katika mshahara wake.