Shoki ya nduthi sio mapambo, na mwenye nduthi ndiye anafaa kulipa

Leo nitakanyaga watu vidole, na wengine wenu ni marafiki zangu.

Kuna mtindo umeshika huku kwetu, kutoka steji za Kericho tauni mpaka Litein, uvuke Sotik ufike Silibwet. Nduthi inanyanyuliwa nyuma. Mtu anang'oa shoki zilizokuja na pikipiki, anafunga zingine ndefu za kromu zenye springi nyekundu, mkia unasimama juu kama jogoo anatafuta vita. Halafu inapigwa video, muziki chini yake, na huku kwa maoni kila mtu anaandika "noma sana". Mtindo wa pili hauna video kwa sababu hauna urembo: shoki zimekwisha, fundi anakaza springi mpaka mwisho, na maisha yanaendelea.

Yote mawili ni ujinga. Wa kwanza unang'aa, wa pili umejificha. Na yule ninayemtaka zaidi kwa hii posti sio msee wa steji, ni wewe uliye Roysambu au Nakuru, uliyenunua Boxer ukamwachia mtu ocha aendeshe, na kila jioni simu yako inalia M-Pesa. Subiri, nitakufikia.

Kwanza tuelewane shoki ni nini, maana wengi wanadhani ni springi tu. Shoki ina kazi mbili ndani ya kitu kimoja. Springi inabeba uzito. Ndani ya ile bomba kuna oili inayosukumwa kupitia matundu madogo, na kazi ya oili ni kupunguza kasi ya springi, isishuke kama jiwe na isirudi kama manati. Oili ikivuja, springi inabaki peke yake. Pikipiki bado inasimama, bado inabeba, ukiiangalia kwa mbali huoni shida. Lakini ukipita shimo, nyuma inaruka, inashuka, inaruka tena. Gurudumu likiwa hewani halina breki. Hiyo ndiyo habari yote, hata ukisahau mengine.

Sasa weka hiyo kwa barabara zetu. Lami ya kwenda Sotik iko sawa, sina neno. Lakini majani chai hayachumwi kando ya lami. Yanachumwa kule chini, unashuka na njia ya changarawe mpaka kituo cha majani, na huku mvua haiombi ruhusa, inakuja karibu kila alasiri msimu wake ukifika. Udongo mwekundu ukilowa unakuwa sabuni. Mteremko, kona, mtaro upande mmoja, na dereva anafunga breki ya nyuma akiwa na abiria na gunia. Kama gurudumu linadunda, linashika chini nusu ya muda tu. Ile nusu nyingine ni maombi.

Na zile ndefu za kromu? Ukiinua nyuma, pikipiki yote inainamia mbele. Usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, unageuka haraka kuliko ulivyotaka, na kwenye mteremko uzito ambao tayari unakimbilia mbele unaongezewa. Cheni inabadilisha pembe, na ukiikaza vile ulizoea inaanza kusugua mahali haifai. Stendi ya pembeni inakuwa fupi, nduthi inalala zaidi, siku moja unaiacha nje ya duka, unatoka na soda yako na unaipata chini. Pia mamaa wa miaka sitini anapanda kitu cha urefu huo vipi? Sketi yake, mzigo wake, magoti yake. Nani alimfikiria?

Urefu wa shoki unapimwa kutoka tundu la bolti la juu hadi tundu la bolti la chini. Mpya iwe sawa na ile ya zamani. Tofauti ndogo unaweza kuishi nayo, lakini mtu akikuuzia ndefu kwa sababu "inakaa fiti", huyo anakuuzia picha.

Kukaza springi ndiko kunaniuma zaidi, kwa sababu kunafanywa na watu wazima wenye akili. Chini ya springi kuna ringi yenye ngazi, pikipiki nyingi zina nne au tano. Wasee wanaamini ukiizungusha mpaka juu, springi inakuwa ngumu zaidi. Haiwi. Springi ni ile ile. Umeibana tu kabla ya kazi kuanza, ndio nyuma ikae juu kidogo ukiwa na mzigo. Hiyo ni sawa ukiwa na mzigo! Ndio maana zile ngazi zipo. Lakini dereva akishusha gunia na kurudi peke yake bila kuregeza, anarudi na nduthi isiyokunja kabisa. Kila jiwe linaenda moja kwa moja kwa mgongo wake. Mara kumi na tano kwa siku, siku sita kwa wiki. Ukiona madereva wa miaka ishirini na tano wanashuka wakijishika kiuno kama wazee wa baraza, usiseme ni baridi ya Kericho.

Kurudisha ringi chini ni kazi ya dakika mbili na spana yake. Lakini spana ile mara nyingi ilishapotea, kwa hivyo ringi inapigwa na bisibisi na nyundo, inavunjika jino, na kutoka hapo inakaa pale pale milele.

Niwapeleke mbali kidogo. Kule milima ya Colorado na upande wa Kanada kuna watu wanaendesha mashine za theluji, kitu kama pikipiki lakini nyuma kuna mkanda mpana badala ya gurudumu. Ni starehe yao ya wikendi, hakuna anayebeba majani chai. Shoki za nyuma ziko ndani ya ule mkanda, kwa kawaida mbili, na wengine wametupa springi ya chuma wakaweka shoki ya hewa ambayo unaijaza kwa pampu ndogo. Wakianza kubishana kuhusu kubadilisha shoki, swali linalokuja mapema ni: una kilo ngapi, na unabeba nini? Rangi inakuja baadaye. Mtu anayecheza kwenye theluji laini anajua uzito wake kabla ya kununua shoki. Sisi tunaobeba binadamu kwenye mawe tunauliza kama kuna nyekundu.

Kwa hivyo pimeni. Haihitaji mashine. Simamisha nduthi kwa stendi kubwa, gurudumu la nyuma lisiguse chini. Pima kutoka kwa ekseli hadi alama utakayoweka kwa madigadi, moja kwa moja juu yake. Itoe kwa stendi, dereva akae, mtu mwingine apime tena. Halafu abiria apande na mzigo wa kawaida, pima mara ya tatu. Tuseme gurudumu lako linaweza kupanda sentimita 9 kabla ya kugonga mwisho. Dereva peke yake akila 2 au 3, uko poa, maana watu wa pikipiki hupenda kati ya robo na theluthi. Lakini abiria na gunia wakiongeza 5, umebaki na sentimita moja au mbili za kukabiliana na barabara nzima ya Konoin. Hapo hata shoki ya bei gani haikusaidii bila springi inayolingana na huo uzito, au bila kupunguza mzigo. Ndio, nimesema kupunguza mzigo. Sheria ya Trafiki ya Kenya inaruhusu abiria mmoja kwa pikipiki, sio watatu na jogoo.

Na angalieni keria. Ile ya chuma iliyochomelewa ikatoka nyuma kama balkoni. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli unafanya kazi kama mtu aliyekaa mwisho wa bembea: nyuma inalemewa kuliko kilo zenyewe, mbele inakuwa nyepesi, usukani unaelea. Halafu mtu anasema shoki za siku hizi ni feki. Zingine ni feki, kweli. Lakini hata iliyo orijino ukiiwekea balkoni italia.

Kuhusu feki, hapa kidogo tu. Mwaka jana kuna duka moja, sitalitaja, liliniuzia shoki "mpya" za nduthi ya binamu yangu. Rangi ilikuwa inanukia bado. Wiki tatu baadaye moja ilikuwa imelowa oili kutoka juu hadi chini, na ukikwaruza ile rangi unakutana na kutu. Zilikuwa kuukuu zimepakwa. Sasa mimi naangalia ile fimbo ya kromu inayoingia ndani ya bomba: iwe nyororo, isiwe na mkwaruzo wala kona, kwa sababu fimbo iliyokwaruzwa inakula sili na oili inatoka. Naangalia raba za kwa matundu ya bolti. Halafu nakandamiza kitu chenyewe: kishuke kwa upinzani, kirudi polepole. Kikirudi kwa kishindo, rudisha pesa yangu boss.

Zikishafungwa, kandamiza kiti kwa nguvu na uachilie. Nyuma ipande mara moja itulie. Ikicheza mara mbili tatu, oili imeenda. Na zibadilishwe zote mbili pamoja, tafadhali. Ukiweka mpya kushoto na mzee kulia, kila upande unasukuma kivyake, na hiyo mpya itazeeka haraka ikibeba mwenzake. Tena fundi akikuambia anaifungua na kujaza oili ya injini, mwambie asante, bado. Oili ya injini ni nzito kuliko ile inayohitajika, na huku asubuhi kukiwa na baridi inakuwa nzito zaidi. Kuna mafundi wanajua kufanya hiyo kazi vizuri, wana sili mpya na oili yake. Utawajua kwa sababu watakuuliza maswali.

Sasa wewe wa M-Pesa.

Najua utakachosema: barabara ndio mbaya, kaunti irekebishe. Kweli, na nitapiga kelele na wewe siku hiyo. Lakini barabara mbaya ndiyo sababu ya kuwa na shoki nzuri. Ukinyeshewa huchomi mwavuli kwa hasira.

Utasema pia: dereva ndiye anaharibu, alipe. Hebu tupige hesabu. Tuseme anakutumia 300 kwa siku, siku sita. Hiyo ni 1,800 kwa wiki, zaidi ya 90,000 kwa mwaka. Anaweka mafuta yake. Panchari ni yake. Siku ya mvua kubwa isiyo na abiria bado unataka yako. Na umemwambia matengenezo madogo ni ya kwake, kisha ukaamua wewe mwenyewe kwamba shoki ni matengenezo madogo. Kwa nini anunue shoki nzuri za mali yako, wakati unaweza kumnyang'anya ufunguo Jumatatu? Yeye atakaza springi, atapaka grisi, atasonga. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Halafu wewe unapost "passive income" na picha ya nduthi imeegeshwa kwenye majani chai.

Hiyo pesa sio passive kwa mtu yeyote aliyeikalia. Kogo wangu hupanda boda kutoka upande wa Mogogosiek akienda kliniki, na siku hizi anauliza madereva kwa jina, anachagua ile nduthi isiyomrusha. Mama mjamzito anayepelekwa Kapkatet au Longisa usiku hana nafasi ya kuchagua. Anapanda iliyopo, na iliyopo ni yako.

Basi nataka kitu kidogo sana. Kwenye makubaliano yako na dereva, yawe ya karatasi au ya WhatsApp, andika kwamba shoki, tairi na breki ni za mwenye pikipiki. Tenga pesa ya siku moja kwa wiki iwe ya hivyo vitatu, usiiguse. Ukija nyumbani Desemba, kabla ya mursik na kabla ya picha, mwambie dereva akubebe nyuma mpaka kituo cha majani na kurudi, kwa mwendo anaotumia kila siku, na begi lako la Nairobi likiwa kwa keria. Usiseme kitu njiani. Ukishuka, mshike nduthi kiti, kandamiza, achilia, na uhesabu inaruka mara ngapi.

Na kama wewe ni wa video, nirekodie hiyo. Nitaishea.