Ualimu wa Kulala Nyumbani kwa Watu

Ipo sifa inayosambazwa siku hizi mabarazani mwetu, nayo huwalenga zaidi vijana waliopata shahada wakakosa kazi: kwamba Uchina imejaa familia zenye uwezo zinazomtafuta mtu wa kukaa nazo nyumbani na kuzungumza Kiingereza na watoto wao. Chumba bure, chakula bure, saa chache za mazungumzo kwa siku, na bahasha ya fedha kila mwisho wa mwezi. Anayeieneza sifa hiyo ni wakala, na wakala hatarajiwi kutaja kasoro ya bidhaa yake. Wanaonishangaza ni watu wazima, tena wasomi, wanaomwitikia na kuwahimiza vijana wafunge mizigo. Hao ndio ninaotaka kubishana nao.

Nianze na sheria, ijapokuwa si uwanja wa mshairi. Kanuni za Uchina za mwaka 1996 kuhusu ajira ya wageni zinamkataza raia binafsi kumwajiri mgeni. Mwajiri sharti awe taasisi iliyosajiliwa. Hiyo ndiyo inayomwombea mgeni kibali cha kazi, na kwa kibali hicho hupewa viza ya Z. Baba na mama wa mtoto si taasisi. Sheria ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika Julai 2013, inamtoza mgeni anayefanya kazi bila kibali faini ya yuani 5,000 hadi 20,000, na kosa likionekana zito huwekwa kizuizini siku 5 hadi 15. Kisha mwaka 2021 mambo yakakazwa zaidi. Mwezi wa Julai serikali iliipiga marufuku biashara ya masomo ya ziada kwa wanafunzi wa shule, Kiingereza kikiwemo, na Septemba Wizara ya Elimu ikazitaja waziwazi hila zilizobuniwa kuikwepa marufuku hiyo: "mwalimu wa kukaa nyumbani" ni moja, na "utumishi wa nyumbani wa hali ya juu" ni nyingine. Walioiandika orodha hiyo walitambua kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja.

Wakala anayajua yote haya. Ndiyo maana kijana husafirishwa kwa viza ya mwanafunzi au ya matembezi, akafundishwa kusema, akiulizwa, kwamba yeye ni rafiki wa familia. Basi huyu tunayempongeza kwa kupata kazi ughaibuni hana mkataba anaoweza kuupeleka mbele ya hakimu. Asipolipwa, hana pa kulalamika, maana kulalamika ni kujishitaki.

Nitaambiwa kwamba hata kwetu mwalimu alikaribishwa akalala nyumbani kwa watu. Kweli. Mwalimu wa chuo aliyetoka mbali alipewa chumba na sahani ya wali, na hakuna aliyemwona mtumwa kwa hilo. Lakini chuo kilikuwa na saa zake, na mzazi alimkabidhi mwalimu mtoto. Katika ajira hii mtoto hakabidhiwi kwa mwalimu. Mwalimu ndiye anayekabidhiwa kwa mtoto. Atamwamsha kwa Kiingereza, atakula naye kwa Kiingereza, atamsindikiza garini kwa Kiingereza, na usiku atamsomea kitabu mpaka alale. Zile "saa chache" hazina mwanzo wala mwisho, kwa kuwa kila analolitamka ni kazi, na hata kimya chake kinadaiwa. Wahenga walimpa mgeni siku mbili kabla ya kumpa jembe. Huyu analipokea jembe lake uwanja wa ndege.

Siwalaumu wazazi wa Kichina. Katika mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu, mikoa mingi huipa lugha ya kigeni alama 150 kati ya 750, na kwa walio wengi lugha hiyo ni Kiingereza. Mzazi mwenye mtoto mmoja na mtihani wa namna hiyo mbele yake atatafuta msaada popote. Ninachokikataa ni kile anachouziwa.

Anauziwa pasipoti. Soko hilo lina orodha yake ya nchi zinazohesabiwa kuwa na wenye Kiingereza: Uingereza, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Kijana wa Unguja au wa Lamu hayumo, na hushauriwa ajitangaze kuwa ametoka Johannesburg. Hebu tulitafakari hilo. Mtu anaanza kazi ya kufundisha maneno kwa kusema uongo juu ya mahali alipojifunzia maneno.

Na uongo wenyewe unaifukia sifa yake iliyo bora. Mimi sikusoma chuo kikuu. Kiingereza nilikipata kwa kamusi na taa ya chemli, na miaka ya kufasiri imenionyesha miiba yake ilipo. Kiingereza hakitaji kitu mpaka kwanza kiseme, kwa kineno kidogo kinachotangulia, kama kitu hicho kinajulikana au hakijulikani. Kiswahili hakina kineno hicho, wala Kichina. Kiingereza humtenga mwanamume na mwanamke kwa viwakilishi viwili. Sisi tunasema "yeye" tukamaliza, na Mchina naye hutamka neno moja kwa wote wawili, japo huwaandikia herufi tofauti. Mtoto wa Beijing anapomwita shangazi yake kana kwamba ni mwanamume, mzaliwa wa London hucheka au hushangaa, maana kwake hapo pana njia nyeupe. Mzaliwa wa Pemba alishachomwa hapohapo, na anakumbuka alivyojinasua. Huyo ndiye mwalimu, naye ndiye anayeambiwa auvae uzawa wa watu wengine ili akubalike.

Kwa hiyo simwambii kijana asiende Uchina. Aende kwa shule iliyosajiliwa, kwa mkataba aliousoma katika lugha anayoielewa, kwa viza inayotaja kazi yake, na akae katika chumba chenye mlango anaoufunga mwenyewe. Najua njia hiyo ni nyembamba, kwani mwongozo wa vibali vya kazi uliotolewa mwaka 2017 unasema kwamba kimsingi mgeni afundishe lugha ya mama ya nchi yake, awe na shahada na uzoefu wa miaka 2. Mimi nauona msingi huo kuwa dhaifu, kwa sababu nilizokwisha kuzieleza. Lakini tukiusoma kama ulivyoandikwa, hao wasomi wetu hawajaona unachotuambia? Kijana wa visiwa hivi anayo lugha anayoruhusiwa kuifundisha huko bila kujificha. Redio ya Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, na vyuo vya Beijing vimekuwa vikikifundisha tangu mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960. Wachina wamekuwa wakijifunza ngeli zetu kwa zaidi ya nusu karne, na sisi tunawatuma wanetu kwao wakajifanye watu wa Johannesburg.

Nafasi za Kiswahili ni chache, watanijibu, na hazina wakala. Ni kweli, hazina wakala. Zinahitaji kijana aijue sarufi ya lugha yake kiasi cha kuweza kumweleza mgeni kwa nini tunasema "mti huu" na "jiti hili", na wengi wa wenye shahada ninaokutana nao hawawezi.