Bi harusi, tundika picha ya nyumba ya kwenu



Msimu wa harusi ukifika, kabati, mapazia na seti za vikombe hupangwa mapema. Picha ya ukutani hubaki mwisho, na wengi wetu huchukua iliyopo dukani: maporomoko ya maji ya nchi tusiyoijua, au mlango wa nakshi uliochorwa kwa ajili ya watalii. Sisi tunasema bi harusi anastahili picha ya nyumba aliyotoka.

Hatukusudii Beit el Ajaib. Jumba lile la mwaka 1883 lina watetezi. Sehemu yake ilipoporomoka Disemba 2020, habari zilienea duniani. Lakini nyumba ya udongo na boriti huko shamba, nyumba ya mabati yenye kutu Ng'ambo, au roshani ya Michenzani iliyojaa nguo za kuanika, ikivunjwa haitangazwi popote. Anayeikumbuka ni aliyelelewa humo.

Tena wachoraji wengi husimama njiani, wakachora mlango na barza. Uwani hawaingii, wala haifai waingie. Sisi ndio tunaojua pipa la maji lilikaa wapi, mbuzi ya kukunia nazi iliwekwa pembe gani, na mlango upi mama alipitia kwenda kwa jirani bila kukatiza mbele ya wanaume. Nusu hiyo ya nyumba asipoichora mwanamke, haitachorwa.

Wapo wanaoogopa kuwa kuchora ni haramu. Mjadala mkubwa wa wanazuoni ni juu ya picha za viumbe wenye roho. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Ibn Abbas (r.a.) alimwelekeza mtu aliyekuwa akiishi kwa kazi ya picha achore miti na visivyo na roho. Basi chora nyumba na mnazi wake. Kuku wa uwani muache.

Aibu nayo tunaijua. Utahofia mawifi waseme umetundika umasikini ukutani. Lakini katika Surat An-Nahl, aya ya 80, Allah anatutajia neema ya nyumba kuwa mahali pa utulivu, na papo hapo anataja mahema ya ngozi. Utulivu haukufungwa kwenye marumaru. Na aliyeolewa mbali, awe Wete au Muscat, siku ya upweke hatuoni maporomoko ya maji yatamliwaza vipi.

Hahitajiki fundi. Karatasi, penseli na rangi za maji zinatosha. Kaa na mama na bibi kabla ya siku ya harusi, uwaulize ukuta ulipakwa chokaa ya rangi gani, na jiko lilikuwa upande upi kabla halijahamishwa. Mistari ikipinda si neno. Muhimu ni kuchora wangali wapo wa kukusahihisha, na nyumba ingali imesimama.

Allah azijaalie nyumba zenu mpya utulivu na mapenzi. Amin.