Transfoma ipangiwe mahali kabla ya msingi kuchimbwa

Jengo la biashara linalohitaji transfoma yake lisiidhinishwe katika mtaa wa Ziwa la Ng'ombe mpaka ramani ioneshe itakapowekwa. Mtaa umebanana, kila futi ina kodi yake, na kishawishi ni kuisukuma chini ya ngazi au stoo ya nyuma.

Hapo ndipo penye hatari. Kifaa hiki hushusha umeme wa volti 11,000 hadi 415, na aina iliyozoeleka hupozwa kwa mafuta. Hitilafu kubwa ikitokea, tangi laweza kupasuka na mafuta yakashika moto. Ikiwa chini ya ngazi, wa ghorofani watapitia wapi? Chumba chake kiwe na kuta zinazohimili moto, kizingiti cha kuzuia mafuta yasisambae, na mlango unaofunguka nje moja kwa moja. Pasipo nafasi hiyo, iwekwe transfoma kavu, isiyotumia mafuta. Ni ghali zaidi, lakini tofauti hiyo inastahili kulipwa.

Ghorofa ya chini ya ardhi nayo haifai: masika hujaza maji. Joto la pwani pia hudai matundu mapana ya hewa, kwani transfoma inayochemka huchakaa mapema.

Wanaotia sahihi ramani wafike kwenye kiwanja, waukague mlango, matundu na njia ya lori la zimamoto. Wanaounganisha umeme wakatae kuuwasha penye kasoro, hata kama wapangaji wameshalipa kodi.