Mashauri ya Nyumbani: Nyota ya Mtu na Hesabu ya Moyo



Mwezi huu twataka kunena juu ya neno ambalo walimu na wazazi huulizwa mara nyingi, nao huona shida kulijibu. Je, ni vibaya Mkristo kutafuta nyota yake, ikiwa hataki kujua mambo ya kesho, wala hataki kumdhuru mtu, ila ataka kuijua tabia yake tu? Watu wa namna hii husema, "Mimi sitabiri, najitazama kama katika kioo." Swali hili si la kuchekwa. Atakaye kujijua ataka jambo jema, na yatupasa kumjibu kwa upole na kwa hoja.

Kwanza, tusichanganye mambo mawili. Tazameni Kisiwa Panza, kilicho kusini ya Pemba katika wilaya ya Mkoani, ambako watu huvuka kwa chombo kutoka Chokocho. Wenyeji wake ni wavuvi na wakulima, na wanawake hulima mwani pwani, kazi iliyoanza Zanzibar mwaka 1989. Hao wote huishi kwa hesabu ya mbingu. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Na katikati yake huja maji mafu. Mwenye shamba la mwani asiyezijua siku hizo atateremka pwani akute kamba zake zingali chini ya maji. Tena wazee wa pwani hii waliuhesabu mwaka tangu Nairuzi kwa miongo ya siku kumi kumi, wakakiangalia na Kilimia, wapate kujua majira ya mvua na ya pepo. Elimu hiyo ni ya kweli, maana mwezi huyavuta maji kweli, na kila mtu aweza kwenda kuhakikisha kwa macho yake. Muumba ameziweka taa zile ziwe alama za majira, nasi twamshukuru.

Jambo la pili ni kusema ya kwamba nyota zimeiandika tabia ya mtu. Katika pwani yetu mwenye kutazamia humwuliza mtu jina lake na jina la mama yake. Huzigeuza herufi za majina hayo kuwa hesabu kwa abjadi ya Kiarabu, huzijumlisha, kisha huondoa kumi na mbili kumi na mbili. Na ile inayosalia ndiyo buruji yake. Ikisalia moja ni Hamali, mbili ni Thauri, na kuendelea hata Hutu iliyo ya kumi na mbili. Buruji hizo nazo zimegawanywa kuwa za moto, za udongo, za upepo na za maji. Ndipo husikia watu wakinena, "Fulani ana nyota ya moto, jihadhari naye," au, "Nyota za wachumba hawa hazipatani."

Na tuipime hesabu hiyo kwa mfano. Kijana aitwa Musa, na mama yake aitwa Mariamu. Musa kwa herufi za Kiarabu ni 116, na Mariamu ni 290. Jumla ni 406. Ukiondoa kumi na mbili kumi na mbili, husalia 10, nayo ni Jadi, nyota ya udongo. Sasa mama huyo abatizwa, naye achagua kuitwa Maria. Maria ni 252; pamoja na 116 ni 368; husalia 8, nayo ni Akrabu, nyota ya maji. Je, Musa amegeuka tabia kwa sababu mama yake amebatizwa? Jana alikuwa mtu wa udongo, na leo ni mtu wa maji, naye hana habari, yuko shamba akilima!

Wengine watasema, "Kweli jina laweza kubadilika, lakini saa ya kuzaliwa haibadiliki." Hiyo ndiyo njia ya Wachina. Wachina si wageni kwetu: madaktari wao wamefanya kazi Zanzibar tangu mwaka 1964, na hospitali ya Abdulla Mzee huko Mkoani ilijengwa upya kwa msaada wa nchi yao, ikafunguliwa mwaka 2016. Katika elimu yao ya kale mtu huandikiwa nguzo nne, yaani mwaka, mwezi, siku na saa ya kuzaliwa. Kila nguzo ina herufi mbili, moja katika mashina 10 ya mbingu, na moja katika matawi 12 ya nchi. Jumla ni herufi nane. Herufi hizo hupimwa kwa vitu vitano, yaani mti, moto, udongo, madini na maji, ili ionekane ni kipi kilichozidi ndani ya mtu na ni kipi kilichopungua. Siku hizi watu wa nchi nyingi huitumia hesabu hiyo, si kwa kutabiri, bali kwa kujitafakari.

Ni hesabu yenye ustadi, wala hatuidharau akili ya walioitunga. Lakini hata hiyo ina mpaka. Miaka ya duru yao ni 60, miezi 12, siku za duru 60, na saa 12, maana saa yao moja ni sawa na saa zetu mbili. Zidisha zote, utapata namna 518,400 na si zaidi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022, watu wa Zanzibar peke yake walikuwa 1,889,773. Basi hata katika visiwa vyetu namna hizo hazitoshi kumpa kila mtu yake, sembuse ulimwengu mzima.

"Mbona basi maneno yake hunipata barabara?" Hili nalo lina jibu. Mwaka 1948 mwalimu wa elimu ya nafsi huko Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maandishi ya tabia, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Wakaulizwa yamewapata kwa kadiri gani, tangu 0 mpaka 5; wastani wa majibu yao ulikuwa 4.26. Kumbe wote walipewa maandishi yale yale, nayo yametolewa katika kitabu cha nyota! Ukimwambia mtu, "Wewe ni mpole, lakini ukionewa huwaka," ni nani atakayekataa? Nguo iliyoshonwa pana humwenea kila mtu.

Lakini tusidhani ya kuwa hasara yake ni kupoteza muda tu. Hasara kubwa humwangukia mtoto. Zamani, katika makabila kadha ya pwani na bara, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza aliitwa kigego, na kwa kuhofia kisirani chake wengine waliuawa au walitupwa. Hakuwa ametenda neno lo lote. Alihukumiwa kwa alama ya mwili wake. Siku hizi hatuui. Walakini mama akisema mbele ya mtoto, "Huyu nyota yake nzito, hafundishiki," au mwalimu akimwacha nyuma kwa kuwa ameambiwa kwamba ndivyo alivyozaliwa, hukumu ni ile ile, ila yakawia zaidi. Mtoto huliamini neno la wakubwa wake, akakua akilitimiza.

Tena wakumbukeni wazee wetu wa imani katika Pemba. Mwaka 1897 amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed iliifuta hali ya utumwa katika sheria ya Unguja na Pemba, na mwaka huo huo Wamisionari wa Marafiki walianza kazi kisiwani. Wengi wa waliokuwa watumwa walitolewa bara wangali wadogo. Majina yao walipewa na mabwana, na majina ya mama zao yalipotea njiani. Nyota yao ingehesabiwa kwa jina gani, na kwa saa gani? Hawakuwa na moja wala jingine, nao walijengewa nyumba, wakafundishwa, wakalea watoto. Mungu alikuwa akiwajua bila abjadi.

Basi tumjibuje yule aliyeuliza? Tumwambie hivi: Swali lako ni jema, lishike, lakini usimpe mwingine kazi ya kulijibu. Nyota ikikuambia, "Wewe ni mtu wa hasira," imekupa udhuru. Dhamiri ikikuambia, "Leo asubuhi ulimfokea mkeo," imekupa kazi. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kila mtu ajihoji nafsi yake kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana. Hakuwaambia wakamwulize mnajimu. Na wale Mamajusi walioifuata nyota hawakuwa wakitafuta habari zao wenyewe, bali walimtafuta Mfalme. Walipomwona, wakarudi kwao kwa njia nyingine.

Kwa kazi ya nyumbani twatoa shauri hili. Zichukueni nguzo nne za Wachina, lakini ziwe maswali, wala zisiwe majibu. Mkae pamoja jioni baada ya sala, mjiulize kimya kimya. Mwaka huu, Mungu amenivusha katika nini, nami nimemshukuru? Mwezi huu, mapato ya nyumba yetu yametumikaje, na je, nina deni la mtu? Siku hii, nimemkosea nani, nami nitamwendea lini? Saa gani ya siku hunijia hasira au uvivu, nami nijilindeje kesho ifikapo? Mwenye kuyajibu haya kwa kweli muda wa mwezi mmoja atajijua kuliko mwenye kuandikiwa herufi nane.

Na jirani zetu Waislamu tusiwalaumu kwa jambo hili, maana wengi wa masheikh wao nao hukataza utabiri wa nyota, huku wakiitumia falaki ya haki kwa kujua nyakati za sala na upande wa kibla. Wala tusiwatishe watoto wetu kwa kuwaambia ya kwamba nyota ni za Shetani. Watoeni nje usiku, muwaonyeshe Kilimia, muwaambie ni nani aliyekiumba. Kisha mwambieni kila mtoto kwa jina lake ya kuwa tabia yake haijaandikwa ikaisha, bali yaandikwa kila siku, naye mwenyewe ameshika kalamu, na Bwana ameushika mkono wake.

Mungu awalinde ninyi na nyumba zenu hata mwezi ujao.