"Samaki ni samaki tu"? Acheni utani!

Kuna hoja inanikera kuliko zote tukizungumzia mabadiliko ya tabianchi: "Samaki ni samaki tu. Wakipungua, tutapandikiza wengine." Jamani! Hoja hiyo ndiyo imemfikisha pabaya trauti wa asili wa Marekani.

Twende Montana, kwenye mto Flathead. Kule yuko trauti mwenye michirizi myekundu chini ya taya. Nitamwita koo-jekundu. Ni samaki wa maji baridi. Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo, na wakati huohuo mwili wa samaki hudai oksijeni zaidi.

Sasa mwingize binadamu. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi 1969, zaidi ya vifaranga milioni 20 vya trauti wa upinde wa mvua vilimwagwa eneo hilo ili wavuvi wa starehe wafurahi. Mgeni huyu hupenda maji yenye joto kidogo. Kwa miaka mingi baridi na mafuriko ya majira ya kuchipua vilimzuia asipande mto. Maji yalipopata joto na mafuriko kupungua, mlango ukafunguka. Mwaka 2014 Clint Muhlfeld na wenzake walionyesha jinsi machotara walivyosambaa kuelekea juu ya mto.

"Si wanazaana? Tatizo nini?" Tatizo ni kwamba utafiti wao wa 2009 ulikuta damu ya kigeni ikifika asilimia 20 tu, mafanikio ya kuzaa hushuka kwa karibu nusu. Na damu ikishachanganyika, nani ataichuja?

Kabla hatujawacheka Wamarekani, tukumbuke Ziwa Victoria. Sangara na sato kutoka nje walipandikizwa miaka ya 1950. Leo kijana wa mjini anamjua sangara. Ngege, samaki wa asili aliyelisha watu wa ziwa, anamjua nani?

Kwa hiyo msinihesabie samaki waliomo kwenye kikapu. Nionyesheni vijito vya juu vilivyobaki baridi, miti inayovitia kivuli, na maji yaliyoachwa mtoni wakati wa kiangazi badala ya kuvutwa yote mashambani. Machotara waondolewe, hata kama wavuvi watanuna. Na moshi unaopasha dunia joto upunguzwe, maana kivuli cha mti kina kikomo.

Mto unaweza kujaa samaki na bado ukawa umefilisika. Tafakari.