Uchambuzi: Nani atapima viuatilifu mvua inaponyesha Nyabarongo?

Sehemu kubwa ya maji ya Kigali hutoka katika bonde la mto Nyabarongo, kupitia mitambo ya Nzove na, tangu mwaka 2021, Kanzenze. Bonde hilohilo hupokea mvua inayoteremka kutoka vilima vya viazi, nyanya na mahindi, mazao yanayonyunyiziwa viuatilifu. Kwa mahindi, haja ya dawa hizo iliongezeka viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017.

Tope jekundu la Nyabarongo kila mtu huliona. Viuatilifu havionekani. Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya mikrogramu 0.1 ya kiuatilifu kimoja katika lita ya maji ya kunywa, na kiasi hicho hupimwa kwa mashine ghali za maabara. Lakini mvua kubwa huosha mashamba kwa saa chache tu. Sampuli iliyochotwa siku tatu baadaye yaweza kuonyesha mto safi.

Ndiyo maana vihisi vya kielektrokemia vinafuatiliwa kwa makini. Vinafanana na kipima sukari cha mgonjwa wa kisukari: kijiti chenye elektrodi, tone la maji, jibu kwa dakika chache. Juu ya elektrodi hupakwa kimeng'enya kilekile ambacho dawa za jamii ya organofosfati hushambulia katika neva za wadudu, na za binadamu pia. Sumu ikiwapo, kimeng'enya hudhoofika na mkondo wa umeme hushuka.

Hata hivyo, kijiti hicho hakitaji jina la sumu. Joto hukiharibu, metali nzito huweza kukipotosha, na dawa nyingi za magugu hukipita bila kuguswa. Kitumike kama king'ora; hukumu ibaki kwa maabara.

Kwa Kigali, mahali pa kukiweka pana uzito kuliko kifaa chenyewe. Klopirifosi, ambayo nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm, Rwanda ikiwamo, ziliamua mwaka 2025 kuiondoa sokoni isipokuwa kwa matumizi machache, hugeuzwa na klorini ya mtamboni kuwa oksoni, sumu kali zaidi kwa neva. Kupima bombani, basi, ni kuchelewa. Kihisi kikiwa mtoni, kabla ya klorini, shirika la maji WASAC lingepata muda wa kufunga lango au kuongeza kaboni amilifu mpaka wimbi la mvua lipite.